Ushuhuda Nilioutoa Soy

Moyo wangu ulianza wazimu wake mwezi wa tatu, wakati wa kuuza mbegu, na kama unatafuta mwezi mbaya wa kuugua kwa mwenye agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, hapa Eldoret, ni huo. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni ikafika kwa fundi wa viatu. Kila mtu alitaka mahindi ya kupanda siku hiyo hiyo kwa sababu mawingu yalikuwa yameonekana siku hiyo. Nilikuwa nimeinama nitoe pakiti kwenye katoni, nikasikia kifua kimeshtuka, kikanyamaza, halafu kikaanza kwenda bila mpango: mapigo matatu ya haraka, kimya, moja kubwa, manne madogo. Kama kuku aliyefungwa miguu akatiwa kwenye gunia. Nikashika rafu. Mteja aliyekuwa mbele akaniambia, "Mama, ukimaliza kusinzia niongezee pakiti mbili."

Nikamwongezea. Mimi si mtu wa kuketi chini mbele ya wateja. Nina miaka hamsini na sita, nimeuza mbegu na dawa za ng'ombe miaka ishirini na kitu, na watu wakinitaja husema yule mama wa mdomo. Sikatai. Mdomo ndio ulioniletea haya yote.

Nilificha wiki mbili. Mume wangu, mzee aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu na hana haraka na neno lolote, aliniona nikisimama katikati ya ngazi za kanisa nikijifanya natafuta leso. Jumatatu aliwasha pikapu, akafungua mlango wa upande wangu akasema, "Panda." Nikauliza tunaenda wapi. Akasema, "Wewe panda tu, Mama."

Daktari alikuwa msichana mdogo, au niseme mwanamke mdogo, maana alinikemea baadaye na nikakubali kukemewa. Alinilaza, akanibandika nyaya kifuani, mashine ikatema karatasi ya mistari. Akanionyesha. Alisema vyumba viwili vya juu vya moyo wangu, badala ya kukaza na kulegea kama inavyotakiwa, vilikuwa vinatetemeka tu. Alisema damu isiposukumwa vizuri inaweza kuganda mle ndani, na donge likipanda kichwani ni kiharusi.

Kiharusi nakijua. Mama yangu alikaa miaka minne na upande mmoja umekufa, akiulizwa kitu anajibu kwa jicho. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikampangusa kidevu, na nilikuwa nikimaliza naenda nyuma ya choo nalia. Kwa hiyo daktari aliposema neno hilo sikusikia mengine kwa muda. Aliniandikia vidonge vya namna mbili, vya kupunguza mbio na vya kuzuia damu isigande, vya kumeza asubuhi na jioni bila kuruka. Halafu akaongeza kwamba kuna njia nyingine.

"Tunapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja," akasema, "tunapanda nao mpaka ndani ya moyo, tunatafuta pale umeme unapopotea njia, tunapachoma."

"Mnauchoma moyo na mimi bado nautumia?"

Akacheka. Nilimwuliza wakichoma pasipo penyewe itakuwaje. Hakunidanganya. Alisema kwa wengi huenda vizuri, wengine hurudiwa mara ya pili, na hatari ipo, ndogo, lakini ipo. Inafanyiwa Nairobi, na yeye ndiye anayepanga wagonjwa wa huku kwetu. "Uamuzi ni wako, Mama," akamaliza. Nilichukia hayo maneno matatu. Mimi mtu akija na ndama anayeharisha simwambii uamuzi ni wako.

Nikasema nitafikiria. Ukweli ni kwamba sikufikiria. Niliogopa, nikaita kule kuogopa kufikiria.

Miezi iliyofuata sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye moyo wake unapiga sawasawa. Ulikuwa unatulia siku nne, tano, nikaanza kujisahau, kisha unashtuka nikiwa nakoroga chai. Nikawa siendi mahali bila kwanza kutazama nikianguka hapo nitaangukia nini. Kulala upande wa kushoto nikaacha. Kubeba mfuko wa mbolea nikaacha. Wajukuu wakinikimbilia nilikuwa nainua mkono kuwazuia, nami zamani nilikuwa nawanyakua juu juu. Hakuna mlango uliofungwa popote, lakini nilikuwa ndani, na nikajua niko ndani.

Basi Jumapili moja mchungaji wetu akaita wenye shida mbele. Nikaenda. Sikuwa nimepanga, miguu ilikwenda. Moyo ulikuwa unaruka tangu alfajiri. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akina mama wakanizunguka, na katikati ya maombi, sitadanganya, nilisikia kitu. Mpigo ulisimama kidogo, halafu ukaendelea, mmoja, mmoja, mmoja, kama mtu anayetembea nyumbani kwake. Nilibubujikwa na machozi hadi kola ikalowa.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya kliniki. Nyaya tena, karatasi tena. Daktari akaitazama akasema, "Leo mpigo wako ni wa kawaida kabisa."

Aliendelea kuzungumza. Alisema huu ugonjwa huja na kuondoka, kwamba karatasi ya leo ni ya leo tu, kwamba nisiache dawa. Nilimsikia vile unavyosikia redio ya jirani. Mimi nilikuwa nakunja ile karatasi, na nilimwomba nibaki nayo.

Mtu wa kwetu anajua kilichofuata. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama na karatasi mkononi nikaeleza tangu mwanzo, na mdomo wangu ukipewa kipaza sauti haujui kupunguza. Nikasema daktari mwenyewe ameshangaa. Hakuwa ameshangaa. Mchungaji akaichukua karatasi akaiinua juu, kanisa likasimama, wengine wakaipiga picha. Kufikia jioni ilikuwa kwenye simu za watu ambao sijawahi kuwaona.

Baada ya ibada mwenyekiti wa akina mama alinishika mkono akaniuliza, kwa upendo tu, "Na zile dawa, bado unameza?"

"Niliacha," nikasema.

Sikuwa nimeacha. Nilikuwa nimemeza asubuhi hiyo hiyo na chai. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona ushuhuda wenye vidonge ni kama gari jipya linalosukumwa. Lakini neno lilikuwa limetoka, na mimi nilikulia kwa watu wanaoogopa kusema uongo ndani ya uwanja wa kanisa kuliko wanavyoogopa ugonjwa. Nikarudi nyumbani nikaona njia moja tu ya kufanya lile neno lisiwe uongo. Niliacha vidonge siku hiyo, vya namna zote mbili, nikavisukuma nyuma ya kabati. Leo nikiwaza nashika kichwa. Mtu mzima, mwenye duka la dawa, aliyemlisha mama yake uji kwa kijiko.

Ushuhuda wenyewe ukawa kama umeajiriwa. Nikaitwa ushirika wa akina mama wa mtaani kwetu, nikaenda. Nikaitwa Kesses, kwenye mkutano wa vijana, wanafunzi wakaniuliza maswali mpaka nikachoka. Kila nilipousimulia ulinenepa kidogo. Kisha tukaalikwa Soy, kanisa dada la kanisa letu, siku ya shukrani.

Alhamisi kabla ya kwenda Soy, moyo ulirudia wazimu wake.

Nilikuwa napanga chupa za dawa ya kupe. Ule mshtuko, kile kimya, zile mbio. Nikaketi kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe nikasema, "Hapana. Hapana. Hapana." Nikaomba. Nikajaribu kupumua pole pole. Ijumaa ulikuwa pale pale. Jumamosi nilisema nitasingizia homa, lakini wakapiga simu kuniambia wamechinja mbuzi na wageni wametoka mbali. Jumapili nikavaa gauni langu la buluu nikaenda.

Nikikumbuka yale madhabahu ya Soy naona kitambaa cheupe cha meza, maana ndicho nilichokishika. Nilisimama na kipaza sauti mkono mmoja, mwingine umekaza meza, na ndani ya kifua kuku yule anapapatika. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje madirishani. Mstari wa mbele walikaa wazee, na mmoja wao alikuwa mteja wangu, mama wa miaka sabini na kitu ambaye mimi humwita kogo, yaani nyanya, kama wenyeji wanavyowaita wanawake wa umri wake. Aliniinulia mkono kwa furaha ya kumjua mgeni. Ningeweza kusema lolote. Ningesema niombeeni bado. Ningesema nakaribia kupona.

"Nimepona," nikasema. "Na dawa niliacha."

Wakashangilia, nikashuka, nikapewa kiti, nikapewa nyama ambayo sikuweza kuimeza. Nilikaa pale nikitabasamu na kujiuliza kama hivi ndivyo mama yangu alivyojisikia dakika ile kabla ya kuanguka.

Jumatatu nilitoa vidonge nyuma ya kabati nikavipeleka dukani. Nikaviweka ndani ya boksi tupu la dawa ya kupe, rafu ya juu, mahali pasipofikiwa na mtu ila mimi na stuli yangu. Nikawa nameza asubuhi nikifungua na jioni nikifunga, nimeupa mlango mgongo kama mlevi. Ile dawa ya damu huacha madoa, ukijigonga kidogo ngozi inabadilika rangi, kwa hiyo nikawa navaa sweta za mikono mirefu hata jua likiwaka. Mwenyekiti wa akina mama akipita kunisalimia, naficha mkono. Mchungaji akinena kutoka mimbarini kuhusu dada yetu aliyeponywa, naitikia amina. Kila amina ilikuwa msumari mwingine na nilikuwa najipigilia mwenyewe.

Nilirudi kwa daktari kwa siri, saa ambayo najua watu wa kanisa wako kazini. Nilipomwambia niliacha dawa wiki tatu, aliweka kalamu chini.

"Mama, unajua ulikuwa unacheza na nini?"

"Najua."

"Hapana, nataka uniambie."

Nikamwambia. Nikamweleza na habari za mama yangu. Hakunihurumia, na nilimpenda kwa hilo. Alisema moyo wangu sasa unakaa kwenye ule mtetemo muda mrefu zaidi, na ukizoea hivyo, hata kuchoma kutakuwa kazi ngumu. Akaniwekea nafasi Nairobi. Nikaiahirisha, nikasema kuna mazishi. Akaniwekea ya pili. Nikaiahirisha, nikasema ni msimu wa mbolea ya kukuzia. Ya tatu akasema ni ya mwisho kwa sasa. "Orodha naifunga Jumatatu asubuhi. Nitumie ujumbe hata Jumapili. Usiponiandikia, nafasi naipa mwingine."

Ningeenda vipi? Mtu haendi Nairobi kuwekewa waya moyoni kimyakimya katika mji huu. Watauliza umekwenda wapi. Watakuja kukutazama na uji na matunda. Wataona bendeji. Na siku hiyo watajua kwamba yule mama wa karatasi alisimama Soy akawadanganya madhabahuni. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, na niliamini nimejieleza vizuri.

Jumanne ya wiki hiyo kogo akaja dukani.

Aliingia na ubaridi wa asubuhi kwenye shuka lake, akanisalimu kwa lugha yake, "Chamgei," nikaitikia, tukaulizana habari za mvua na za watoto. Ng'ombe wake mmoja alikuwa na ugonjwa wa kiwele, maziwa yalitoka na vipande. Nikampa tubu tatu, zile za kusukumia dawa kwenye chuchu. Alipokuwa akizitia kwenye kikapu akaniambia, akiwa na furaha kabisa, "Mama, nilikuwa nataka kukuambia. Tangu ile siku yako ya ushuhuda mimi pia niliacha vidonge vyangu vya presha. Niliona kama wewe umeweza, hata mimi nina Mungu."

Kifua changu wakati huo kilikuwa hakina mpango wowote. Nilimtazama. Alikuwa amesuka ukili wa kikapu kile mwenyewe, na alikuwa anavuta kamba yake taratibu, akingoja nimpongeze.

"Tangu ile siku?" nikauliza.

"Wiki ya saba hii."

Nikasema, "Haya." Mungu anisamehe, hilo ndilo nililosema. Akanipa mkono, akageuka. Alikuwa amefika mlangoni nilipoita, "Kogo, ngoja."

Akarudi hatua mbili. Mdomo wangu, huu ambao watu wanausifu, ulikuwa wazi. Rafu ya juu boksi langu lilikuwa linanitazama.

"Hizo tubu," nikasema, "ni moja kila siku, siku tatu. Hata maziwa yakisafika kesho, usiache. Watu huacha katikati na ugonjwa unarudi mkali kuliko mwanzo. Malizia zote tatu."

"Nitamaliza," akasema, akaenda.

Sikuuza kitu tena siku ile. Nilivuta mlango nusu nikakaa kwenye stuli. Nilikuwa nimeshaona aibu nyingi maishani, lakini hii ilikuwa mpya, haikuwa na mahali pa kuiweka. Jumatano nilisema nitampigia, nikakumbuka sina namba yake. Alhamisi ningeweza kuipata kwa mtu. Sikuitafuta. Ijumaa nilimwambia mzee wangu kila kitu, tukiwa tunakula chakula cha mchana, na nilipomaliza aliendelea kutafuna.

"Boksi la dawa ya kupe," akasema.

"Ulijua?"

"Nilipanda juu kubadilisha taa."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Nilikuwa nangoja useme." Akanywa maji. "Soy tunaenda Jumapili?"

Nilimkasirikia, jamani. Mwezi mzima mtu ananitazama nikivaa sweta kwa jua. Lakini nilijua pia kwamba angenisemesha kabla sijawa tayari ningekana, na ningekana vizuri. Nikamwambia ndiyo, tunaenda.

Mchungaji wa Soy alifurahi kuniona, akanipa nafasi bila kuuliza. Nilishika kile kile kitambaa cheupe. Nikasema: ule moyo haujapona. Ulitulia, wazimu ukarudi, na siku niliposimama hapa mara ya kwanza ulikuwa umesharudi, nami nilijua. Nikasema nameza dawa kila siku. Nikasema kama kuna mtu aliyeacha dawa zake kwa sababu yangu, tafadhali asikae bila dawa hata siku moja zaidi, arudi kwa daktari wake. Hakuna aliyeitikia amina. Mtoto alilia nyuma, akatolewa. Mchungaji alisafisha koo, akasema, "Asante, Mama," akaendelea na matangazo ya harusi. Nilirudi kukaa na viti viwili vya karibu vilikuwa vitupu, au nilivihesabu vibaya, sijui.

Kuhusu Nairobi sikusema neno.

Kogo alinisubiri getini. Alikuwa amesimama wima na fimbo yake, na hakunipa mkono. Mzee wangu alitangulia kwenye pikapu akatuacha.

"Jumanne nilikuwa mbele yako," akasema.

"Ndiyo, kogo."

"Nilikuambia nimeacha dawa. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Uliniita nikiwa mlangoni. Nikarudi. Ukaniambia ng'ombe amalize dawa yote, asiache katikati." Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Ng'ombe ulimwonea huruma."

Mpaka leo huwa anakuja dukani, tunazungumza vizuri, ananunua chumvi, na hilo jambo hukaa kati yetu kwenye kaunta. Siku ile nilisema tu nisamehe. Alitikisa kichwa, si kukataa, ni kama anayefukuza nzi.

"Na wewe," akaniuliza, "hiyo dawa itakutosha?"

Hapo ndipo nikamwambia habari za waya na kuchomwa. Sijui kwa nini yeye. Nikamwambia orodha inafungwa kesho asubuhi.

"Na utaenda?"

"Sijaamua."

"Kwa nini?"

Nilianza kusema habari za kanisa, watu wataonaje, nikajisikia. Kanisa lilikuwa nyuma yangu, limeshasikia kila kitu. Hapakuwa na mtu wa kufichwa tena. Na bado sikutaka kwenda.

"Naogopa," nikasema. "Naogopa sana, kogo. Naogopa wakiniingiza mle ndani sitatoka. Ndiyo maana nilishika ule ushuhuda kwa mikono miwili. Nilijificha nyuma ya Mungu."

"Hata mimi vile vidonge vilinichosha," akasema. "Vinakukumbusha kila asubuhi kwamba wewe ni mgonjwa. Ndiyo maana nilikuamini haraka." Akainua fimbo akaielekeza kwenye mkoba wangu. "Mwandikie huyo daktari."

Nikatoa simu. Nikaandika vibaya, nikafuta, nikaandika tena. Akauliza nimeandika nini. Nikamsomea: Daktari, nakuja. Akauliza nimetuma. Nikasema bado.

"Tuma nikiona."

Nikatuma mbele ya macho yake. Akainama akaitazama simu ingawa bila miwani hawezi kusoma herufi zile, na alipoinuka aliyumba akashika nguzo ya geti. Nikamshika kiwiko. Akasema si kitu, ni kichwa tu, kinamwuma tangu Ijumaa, na leo macho yanaona mawili mawili.

Nikapiga kelele kumwita mzee wangu. Tulimketisha katikati yetu kwenye pikapu na sikumwachia mkono mpaka mjini. Njia nzima nilimsemesha habari za ng'ombe, nikisikiliza kama maneno yake bado yananyooka, nikitazama mdomo wake kama bado uko sawa pande zote mbili. Uliendelea kuwa sawa. Hospitalini nesi alimfunga kipimo cha presha, akakitazama, akamfunga mkono wa pili, akakitazama tena, kisha akamwita mwenzake walete kitanda.

Wakaanza kumsukuma. Nesi akabaki na fomu mkononi, akaniuliza mgonjwa ana dawa gani anazotumia. Nikasema alikuwa anameza za presha, akaacha wiki saba zilizopita.

"Na wewe ni nani wake?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyemwachisha.